Fomu ya Mwisho Ilitoka Timboroa

Nyinyi makarani wa leo, kabla hamjatuma huo ukumbusho wenu wa tatu wa fomu ya maoni, niwaulize kitu kimoja. Yule mtu ambaye hajajibu, mnamjua? Sisemi jina lake, hilo kompyuta inalo. Nauliza kama mnajua anakaa wapi, anafanya zamu gani, na mara ya mwisho alipokuja ofisini kwenu alitoka na uso wa aina gani. Kama hamjui, acheni kwanza hicho mnachobonyeza, mketi mnisikilize.

Mimi ni Mama Atieno. Kiwandani waliniita Mama Fomu, na walioniita hivyo hawakuwa wakinisifu. Nilikuwa karani wa ofisi ya wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Eldoret, tangu nilipofika kutoka upande wa ziwa nikiwa msichana mwenye cheti cha kupiga taipu, mpaka nilipostaafu nikiwa nyanya mwenye magoti yanayolalamika. Niliandika barua za likizo, nikatunza mafaili, nikagombana na watu wa zamu ya kwanza. Lakini kila wakubwa walipotaka kujua wafanyakazi wanaonaje jambo fulani, fomu za maoni zilipitia kwangu. Kuzigawa si kazi, hata upepo unaweza kuzigawa. Kazi ni kuzirudisha.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Kila fomu ilikuwa na bahasha yake, na juu ya bahasha namba ya kazi ya mfanyakazi. Fomu yenyewe haikuwa na jina wala namba. Bahasha ikirudi, nilitia alama kwenye daftari mbele ya namba hiyo, nikatoa fomu bila kuifunua, nikaitumbukiza kwenye sanduku lenye kufuli, kisha bahasha nikaichana. Daftari lilijua nani amejibu. Sanduku lilijua watu wamesema nini. Viwili hivyo havikukutana, na ufunguo wa sanduku ulikaa kwa meneja. Shikeni hilo vizuri, kwa sababu bila hilo hamtaelewa nitakayowaambia mbele.

Aliyenifundisha kazi hii hakuwa meneja yeyote. Alikuwa Mzee Kosgei, karani wa saa pale getini, mtu wa Sugoi hapa jirani, mrefu, mpole, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata mchana wa jua kali. Yeye aliandika nani ameingia na nani ametoka, na kwa kukaa pale miaka yote hiyo alijua mambo ya watu kuliko padri.

Mwaka mmoja wakubwa waliuliza habari za chakula cha kantini. Simiyu wa stoo hakurejesha. Nikamwendea, akaniambia amesahau miwani nyumbani. Wiki ikaisha, miwani bado iko nyumbani. Wiki ya pili vilevile. Ya tatu nikapandwa na hasira, nikabeba miwani yangu na jozi mbili nilizoazima kwa wenzangu, nikazipanga mbele yake kwenye meza ya stoo na wenzake wote wakitazama.

"Chagua," nikamwambia.

Simiyu akazijaribu zote, moja baada ya nyingine, akasema hakuna inayomfaa. Stoo nzima ikacheka na mimi nikacheka nao. Nilipokuwa natoka siku hiyo, Mzee Kosgei akaniita.

"Mama, wewe umewahi ona Simiyu na miwani?"

Nikafikiri. Sikuwahi.

"Basi," akasema. "Mtu mzima hasahau fomu. Kuna kitu ndani ya hiyo fomu inamsumbua. Wewe tafuta hiyo kitu kwanza, fomu itakuja yenyewe."

Simiyu hakujua kusoma, na mimi nilikuwa nimemwanika mbele ya watu. Kesho yake nikaenda stoo nikatangaza kwamba ofisi imeniagiza niwasomee watu wa stoo wote fomu zao, kwa sababu mikono yao ina grisi na makaratasi yanachafuka. Nikamsomea kila mmoja pembeni, yeye Simiyu wa nne au wa tano. Alikuwa na maoni makali sana juu ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya kantini. Hakuna aliyejua lolote, na tangu siku hiyo bahasha ya Simiyu ilikuwa ya kwanza kurudi.

Basi nilijifunza kidogo kidogo. Usimkumbushe mtu mbele ya wenzake. Usiende kwake mwisho wa zamu, atakudanganya tu ili aende nyumbani. Nenda saa ya chai, na usiulize fomu, uliza habari ya mtoto aliyekuwa mgonjwa, fomu ataitaja mwenyewe. Mkewe akiwasha jiko kwa fomu yako, mpe nyingine bila hotuba. Yule anayesema "nitaleta kesho" huku anakutazama, ataleta. Anayesema huku anatazama mashine, rudi kwake baadaye.

Lakini kuna tabia moja ambayo Mzee Kosgei alikuwa hajaniachisha. Mwishoni, wakibaki wachache wagumu, nilikuwa napiga taipu orodha ya majina yao, nawapigia mstari wa kalamu nyekundu wale waliokumbushwa mara mbili, kisha naibandika kwenye ubao wa matangazo pale getini. Ilikuwa utani. Watu walisimama wakasoma, wakachekana, na kabla ya chai ya saa nne nusu ya zile bahasha ziko mezani kwangu. Nilijiona mjanja sana na ile kalamu yangu.

Kisha ukaja uchaguzi ule wa 2007, na Januari ile ya kuchomeana nyumba. Sitawasimulia moshi. Wengine wenu mliuona mkiwa mgongoni mwa mama zenu, na wengine mmechoshwa na habari zake. Kiwanda kilifungwa. Wakubwa walipopeana mikono Nairobi na barabara zikapitika, kikafunguliwa, lakini mashine nyingi za kufuma zilikaa kimya kwa sababu waliokuwa wakizihudumia hawakuwepo. Wengine walikuwa kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho, wengine kwa ndugu, wengine hatukujua.

Ndipo makao makuu wakaleta fomu. Maswali kumi. La saba liliuliza: Je, unawaamini watu unaofanya nao kazi? La nane: Je, uko tayari kuendelea kufanya kazi hapa? Ndio au hapana, hakuna katikati. Fomu zilifika na barua kwa meneja wetu, Bwana Mutiso, ambaye alikuwa ameletwa kwetu miezi michache tu kabla. Barua ilisema kwamba yeyote ambaye bahasha yake haitakuwa imerudi ifikapo Ijumaa ya mwisho ya mwezi, atahesabiwa kuwa ametoroka kazi, na nafasi yake apewe mwingine.

Niliikubali kazi hiyo kwa moyo wote. Nilipeleka bahasha uwanja wa maonyesho mimi mwenyewe, nyingine nikazipitishia makanisani, nyingine kwa shemeji na majirani. Nyingi zilirudi. Zikabaki kidogo zaidi ya kumi. Na mimi, ili niwasaidie wasipoteze kazi, nikafanya nilichozoea kufanya. Nikapiga taipu orodha, nikapitisha kalamu yangu nyekundu, nikaibandika getini Jumatatu asubuhi.

Saa tano hivi niliinua kichwa nikaona Mama Wangari mlangoni. Alikuwa akifanya kazi ya kusokota nyuzi, na alikuwa amerudi kazini siku tatu tu. Mkoba ulikuwa begani.

"Mama Atieno, mimi naenda."

"Unaenda wapi na zamu haijaisha? Na fomu yako si ulileta?"

"Nilileta. Lakini jina ya dada yangu iko hapo kwa ubao." Alikuwa akisema polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Kuna vijana hapo nje wanasoma. Mmoja anaandika kwa karatasi."

Nilitoka mbio. Nilipofika getini, Mzee Kosgei alikuwa ameshaing'oa orodha na kuikunja mkononi, huku vijana wawili upande wa pili wa barabara wanamtazama kwa macho mabaya. Yeye alikuwa mtu wa hapa, na kwa kitendo kile alijiweka mahali pabaya kwa watu wake. Akaniingiza kwenye kibanda chake.

"Mama, unajua umeandika nini hapa?"

"Orodha ya fomu, Mzee. Si kila mwaka?"

Akakunjua ile karatasi juu ya daftari lake, akafunika kichwa cha habari kwa kiganja.

"Hiyo juu usisome. Soma majina peke yake."

Nikasoma. Nilipofika jina la nne nikaona. Yote yalikuwa ya watu wa kabila moja, wale wale waliokimbizwa, na baadhi yao mimi nimewapigia mstari mwekundu. Katika mji ambao wiki chache tu zilizopita watu walikuwa wakinong'ona juu ya orodha za watu wa kuchomewa nyumba, mimi nilikuwa nimeandika moja kwa mashine ya ofisi na kuibandika kando ya barabara.

Mtaniuliza niliwezaje kutoliona hilo. Nimejiuliza sana. Jibu ni kwamba mwaka ule jina langu mimi lilikuwa salama. Watu wa upande wetu hawakuguswa hapa. Mtu ambaye jina lake liko salama huona orodha ni karatasi. Niliona aibu ambayo hata leo nikiwaandikia naisikia masikioni.

Mama Wangari alitoka getini mchana huo na sikumwona tena hadi leo. Nimeuliza kwa watu wengi. Huyo ni mmoja niliyempoteza kwa mkono wangu, na sitaki mtu aniambie nilikuwa na nia njema.

Kesho yake asubuhi nilimwambia Mzee Kosgei kwamba hakuna mwingine atakayepotea. Hakuna atakayefutwa kazi kwa sababu ya kuogopa karatasi yangu. Hata kama itabidi nitembee kwa miguu mpaka Nakuru, kila bahasha itarudi kabla ya Ijumaa ile.

"Nakuru ni mbali," akasema Mzee Kosgei. "Anza na simu."

Tukabadilisha kila kitu. Majina tukayaacha kabisa, hata mimi na yeye tukiongea tulitaja namba tu. Ukumbusho sikumtumia asiyejibu peke yake. Niliandika barua moja, nikawapa wafanyakazi wote, waliojibu na wasiojibu, maneno yale yale: kama umejibu asante, kama bado nafasi ipo. Mtu akionekana na barua ile mkononi hakuna awezaye kujua yeye ni yupi. Karatasi nyingi ziliharibika na Bwana Mutiso akanung'unika, lakini nilimwangalia akanyamaza.

Simu nazo nilizipiga kwa namna nyingine. Ujumbe wa kwanza haukutaja fomu. Uliuliza: "Ni Mama Atieno wa ofisi. Uko salama? Watoto je?" Basi. Nangoja siku nzima. Akijibu, namuuliza anahitaji nini. Siku ya tatu ndiyo nataja bahasha. Mmoja alinijibu, "Nani alikupa hii namba?" Nikamwambia ukweli kwamba alinipa mwenyewe, miaka minne iliyopita, alipokuwa akiomba ruhusa ya kumzika baba yake. Jioni ndipo akatuma jina la kanisa ambalo ningeweza kumwachia bahasha.

Mmoja wao, aliyekuwa Turbo, alinichekesha. Nilimtafuta wiki nzima, nikidhani amejificha kwa hofu. Nikaenda Turbo nikamkuta juu ya lori la mahindi, amenenepa, anaimba. Aliponiona nusura aanguke.

"Mama, usinipeleke kwa meneja!"

"Kwani umefanya nini?"

"Mimi sitaki kurudi. Hii kazi ya lori imenikubali. Lakini Bwana Mutiso alikuwa mtu mzuri kwangu, nitamwambia aje?"

"Si uandike hapana."

"Kwani mtu anaweza kuandika hapana?"

Alitia alama yake pale pale kwenye boneti, akaandika na barua ya kuacha kazi, akanipa mahindi nusu gunia ambayo sikujua nitayabeba vipi. Hapana nayo ni jibu, wanangu. Nyinyi mkitaka watu wawajibu, waonyesheni kwanza kwamba hapana inaruhusiwa.

Basi bahasha zikarudi, moja baada ya nyingine, na kila jioni Bwana Mutiso akafungua sanduku na kutuma zilizomo makao makuu, hadi Jumatano ya wiki ile ya mwisho ikabaki moja. Ilikuwa ya Mzee Gitau, fundi wa mashine za kufuma.

Huyu Gitau alikuwa amefanya kazi pale kabla yangu. Alikuwa akiweka sikio kwenye mashine akakwambia ni nati gani imelegea. Alibakisha miaka miwili astaafu. Nyumba yake ilichomwa wiki ya kwanza, na simu yake haikupatikana. Ndugu zake nilioweza kuwafikia walisema hawajui aliko, na kwa jinsi walivyosema nikajua wanamficha. Jina lake ndilo lililokuwa la tatu kwenye ile orodha yangu, na mstari chini yake.

Mzee Kosgei akaniambia, "Kiprono anajua."

Kiprono alikuwa kijana wa hapa, wa mashine namba sita, ile ambayo Gitau aliitunza kuliko zote. Nikataka kumfuata moja kwa moja. Mzee Kosgei akanishika mkono. "Usimuulize Gitau ako wapi. Atakataa, na akishakataa mara moja itabidi akatae siku zote. Muulize habari ya mashine."

Nikangoja chai. Kiprono alikuwa amekaa peke yake na kikombe.

"Namba sita inasumbua?" nikamuuliza.

"Inasumbua sana, Mama. Inataka mwenyewe." Akanywa chai kidogo, akatazama pembeni. "Ukitoka stendi ya Timboroa, kuna mahema upande wa msitu. Uliza baba ya Njeri." Kisha akasema kwa haraka, kama anayetema kitu cha moto, "Mwambie sanduku lake la spana liko kwangu nyumbani. Sijafungua. Na usiseme ni mimi nilikutuma. Baba yangu hajui ni mimi nilimtoa Gitau hapa mjini."

Alhamisi asubuhi nikawa Timboroa. Baridi ya huko mnaijua, inaingia hata ndani ya meno. Nilimkuta Mzee Gitau mbele ya hema akichanja kuni, amevaa koti la mtu mwingine. Mkewe alinipokea vizuri, akanipa chai. Yeye aliendelea na shoka lake mpaka nikamaliza kikombe.

"Umekuja na kalamu nyekundu?" akaniuliza hatimaye.

Alikuwa amepata habari. Watu walikuwa wamempigia mkewe simu siku ile ile wakamwambia jina lake liko getini, limepigwa mstari.

Ningeweza kusema ilikuwa amri ya ofisi. Niliwahi kufikiri nitasema hivyo. Nikamwambia, "Mzee Gitau, ile orodha niliandika mimi. Hakuna aliyenituma. Sikufikiri. Nimekuja kukuomba msamaha, na hata usipojaza kitu nitakuwa nimekuomba."

Akakaa juu ya gogo. Mkewe akasimama mlangoni mwa hema akitusikiliza.

"Amebaki nani?" akauliza.

"Umebaki wewe peke yako. Mwisho ni kesho."

"Ndio hiyo shida, Mama." Akaichukua fomu, akaifungua juu ya goti. "Mke wangu anasema niandike tu, nisipoteze kazi. Sasa ona hapa, saba. Wananiuliza kama naamini watu tunafanya kazi pamoja. Wengine wote wameshajibu. Hii yangu ikifika kesho iko peke yake, meneja akifungua sanduku, hata kama haina jina, si atajua ni ya nani? Nikisema hapana, kabla ya chai, watu wote wa kufuma wanajua Gitau amesema hapana. Nitakaa aje na hao? Na nikisema ndio nitakuwa mwongo, na mimi sijawahi danganya kampuni hata siku moja."

 Miaka yote hiyo ya daftari na sanduku, na sikuwahi kufikiri kwamba fomu ya mwisho haina siri.

Akanitazama. "Na wewe? Hapo kwa saba uliandika nini?"

"Niliandika ndio."

"Ni ukweli?"

Mnajua, niliijaza fomu yangu siku ya kwanza kwa dakika mbili, niwe mfano mwema. Pale juu ya gogo, mbele ya mtu aliyepoteza nyumba, ndipo nilipoisoma kwa mara ya kwanza.

"Si ukweli," nikamwambia. "Siku ile walipopita mtaani kwetu na mapanga, nilikuwa nyuma ya pazia. Nikasikia sauti moja ninayoijua. Ni mtu wa idara ya rangi. Kila asubuhi ananisalimia, na mimi namwitikia. Sijawahi kumwambia mtu."

Hakuniuliza ni nani. Mkewe alijifunika uso kwa leso. Mimi nililia, sioni aibu kusema, na Mzee Gitau akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Basi hautakuwa peke yako," nikamwambia, nikipangusa macho. Nikafungua mkoba. Karani mzuri hatembei bila fomu ya ziada. Nikaiweka juu ya goti langu kama yeye alivyoiweka yake. "Tujaze pamoja. Nitaitumbukiza na yako."

"Utakuwa umejaza mara mbili."

"Nitakuwa nimejaza mara mbili."

Tulikwenda swali kwa swali. Saba, hapana. Sikumwonyesha yangu wala yeye hakunionyesha yake, lakini kalamu tuliyotumia ilikuwa moja, na nilisikia mkono wake ukisimama pale pale wangu uliposimama. Tulipofika nane akashusha kalamu. Ndipo nikampa salamu za sanduku la spana, kwamba liko mahali salama na halijafunguliwa. Hakuuliza liko kwa nani. Aliitikia kwa kichwa polepole, akainama, akatia alama.

Niwaambie mapema ili msikae na wasiwasi: Mzee Gitau alirudi. Alipita getini Jumatatu, Mzee Kosgei akamuuliza namba yake ya kazi kwa sauti kama anavyomuuliza kila mtu, akaandika saa, akamwambia apite. Hakuna aliyepiga makofi. Alifanya kazi miaka yake miwili, hakula kantini hata siku moja na wale wa idara ya rangi, na mashine namba sita haikusumbua.

Lakini nataka kumalizia na ile Ijumaa. Najua nilivuruga hesabu ya makao makuu. Fomu yangu ya kwanza ilikuwa imeshaondoka na nyingine, haiwezi kutambulika, na sasa naongeza ya pili. Mkinihukumu kwa hilo mko sawa, na mimi ningerudia leo hii.

Bwana Mutiso alifungua sanduku saa kumi jioni, mbele yangu, ili afunge kifurushi cha mwisho. Daftari lilikuwa mkononi mwake, limejaa alama mbele ya kila namba. Alikuwa anatarajia fomu moja, akatoa mbili. Akazifunua, akaziweka sambamba mezani. Akasoma moja, akasoma ya pili, akarudia ya kwanza. Saba, hapana. Nane, ndio. Na ya pili, saba hapana, nane ndio.

"Mama Atieno, aliyebaki si alikuwa mmoja?"

"Moja ni yangu. Ile ya kwanza nilijaza uongo."

 Akavua miwani, akaivaa tena.

"Hawa watu wawili hawaamini wenzao, na bado wanataka kuja kazini Jumatatu," akasema. "Nairobi wataniuliza. Gitau ni ipi kati ya hizi?"

"Bwana meneja," nikamwambia, "umekaa na sisi miezi yote hii. Wewe kwa saba uliandika nini?"

 Alizikunja zote mbili pamoja, akazitia ndani ya kifurushi. Kisha akafungua droo, akatoa fomu nyingine tupu, na akaniomba kalamu.